Mashine Mpya ya Chumba cha Atim

Luzira, Kampala
Jumamosi, mvua bado inanyesha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitika marahaba huku umeshika kiuno, kwa hiyo swali langu la kwanza ni hicho kiuno. Kimepungua au unakificha tu ili Baba asikukataze kwenda shamba? Na Baba mwenyewe, mguu umekubali kukanyaga, au bado anakisingizia kiatu? Nauliza pia hali ya mbuzi, ya tangi la maji, na ya kaka yangu Mwakio, ambaye nasikia nguvu za kula anazo ila za kujibu ujumbe zimemwishia. Sisi huku tu hai. Zamani nilikuwa naliandika neno hilo bila kulifikiria. Leo nimeliandika polepole.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yenu Baba huiweka spika, na kabla sijamaliza salamu jirani wa mbele ameshaleta kiti. Halafu wewe ukiisikia sauti yangu utaanza kulia, nami nitalia, salio litaisha tukiwa tunaliliana tu. Nimeona bora niandike. Barua hii nampa msichana wa dukani kwetu anayekwenda kwao Taveta, naye atamkabidhi Mwakio hapo stendi ya Voi. Msomee Baba, lakini msomee ndani.

Mwakio alikuambia nusu. Alikuambia mjukuu wako alilazwa, na kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na moshi. Moshi haukuwepo, Mama. Ungekuwepo tungekohoa, tungefungua dirisha, na leo ningekuwa nakuandikia habari za mvua. Ujumbe wako ulionijia kupitia kwake, kwamba nimlete Atim kwako Voi kwenye joto na nimwache huko, nimeupata. Nimeusoma mara nyingi sana. Nitakujibu, ila kwanza nataka ujue kilichotokea kilivyotokea, usikie kwangu mimi na si kwa watu.

Baba bado anauita ugonjwa wa Atim ugonjwa wa miguu, kwa hiyo mweleze tena. Sikoseli haitaki baridi. Baridi ikimpata mtoto, damu inakwama kwenye mifupa yake na maumivu yanakuja ambayo mtu mzima hayawezi. Lakini haitaki joto kali pia, maana akitoka jasho na maji yakipungua mwilini, maumivu ni yaleyale. Chumba chake kinatakiwa kiwe cha katikati, mchana na usiku, masika na kiangazi. Ndiyo maana tulipanga nyumba hii. Jiko lake ni dogo, sebule ina nyufa, na upepo wa ziwa unatufikia wa kwanza kabla ya watu wengine. Tuliipanga kwa sababu chumba cha nyuma kilikuwa na kiyoyozi cha ukutani kilichoachwa na mpangaji aliyetangulia, cha aina ile inayotoa baridi na kutoa joto. Baba Atim alikiwasha, akavua kofia yake ya polisi, akasimama chini yake muda mrefu. Akasema hapa ndipo mtoto atalala, na mazungumzo yakaishia hapo.

Fundi aliyekuja kukisafisha anaitwa Wasswa, kijana mpole wa hapa Luzira. Alipomaliza alitazama juu ya dirisha. Nyumba za huku zina safu ya matundu ya hewa juu ya kila dirisha, umeyaona kwenye picha nilizokutumia. Wasswa akasema, "Nyabo," ndivyo wanavyomwita mwanamke huku, "hapa ndiyo hewa yako inatoroka. Umeme unalipa, hewa inaenda kwa majirani." Akakata mbao nyembamba, akaziba matundu yote, akapaka gundi nyeupe pembeni mpaka ukuta ukawa safi. Tulimshukuru. Kuna vidudu vya ziwani huku vinavyokuja kama wingu, vinaingia kwenye chai, kwenye nywele, hata kwenye taa, na tangu siku ile havikuingia tena chumbani kwa Atim. Dirisha likifungwa, chumba kile kilikuwa kimefungwa kabisa. Tulijiona tuna akili sana.

Na mashine ilimtunza, lazima niseme haki. Ilikuwa inanguruma vibaya, lakini mtoto alisoma darasa zima akalazwa mara chache kuliko wakati wowote. Nilianza kuzoea kulala usingizi wa kweli. Halafu mvua zilipoanza, ikakohoa asubuhi moja, ikanyamaza. Wasswa aliifungua, akaweka vyuma vyake chini moja moja, akanitazama kama daktari anayetafuta maneno. "Nyabo, bambi, pole sana, hii machini imekufa. Moyo yake ndiyo imekufa. Na gesi yake ni ya zamani, siku hizi haiko." Nilimwuliza kama anaweza kuisukuma mpaka mvua ziishe. Akatikisa kichwa.

Hapo ndipo ugomvi wa nyumba yetu ulipoanzia. Tulikubaliana kununua nyingine, ila kila mtu alikuwa na yake. Wasswa alikuwa amesikia habari ya mashine zilizotolewa kwenye hoteli iliyofungwa, kubwa, za nguvu, "karibu mpya". Baba Atim akazipenda hapo hapo. Unamjua mkweo, kitu kikubwa kwake ndicho kizuri, hata sufuria. Akasema, "Kubwa itamaliza kazi haraka." Nikamwambia mtoto si soda, hatutaki apoe haraka. Akanuna. Mimi nauza friji na feni kwenye duka la Wakenya wenzetu hapo Kansanga, Mama, na maneno "karibu mpya" huyatamka mimi mwenyewe kila siku nikimwangalia mteja machoni. Nilikuwa naogopa kununua kwa sababu najua tunavyouza. Naogopa nyaya za nyumba hii, ambazo soketi zake zimekuwa nyeusi. Naogopa umeme wa jioni unaokuwa dhaifu mpaka taa inageuka rangi ya chai. Kila nilipotajiwa mashine, niliona moto. Basi tukawa tunabishana, na mvua inanyesha, na chumba cha Atim hakina kitu.

Na mama mkwe wangu alikuwa anatusikiliza. Sikumbuki kama niliwahi kukusimulia habari zake vizuri. Alikuja kutoka Kitgum Atim alipoanza shule, aje amtazame sisi tukiwa kazini, na tangu aje wanalala chumba kimoja. Marehemu mumewe alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi na hakina kona. Hapendi maneno mengi. Akiona wewe na mumeo mnabishana, yeye anakwenda kufanya kazi. Atim anampenda kuliko anavyotupenda sisi, na sisemi hivi kwa wivu, au labda ni wivu kidogo.

Jumapili ile tulirudi kanisani mapema kwa sababu ya hali ya hewa. Mvua ya huku ikija na upepo wa ziwa inaingia mpaka chini ya mlango. Mikono ya Atim ilikuwa baridi. Nilimvalisha soksi juu ya soksi, nikamlaza, bibi yake akaketi pembeni akimsimulia hadithi zao za Kiacholi. Mimi nikaenda jikoni kupika uji. Baba Atim alikuwa sebuleni anapiga viatu rangi kwa ajili ya zamu ya kesho yake, na tulikuwa tunaendelea kubishana kupitia ukutani, yeye na mashine yake ya hoteli, mimi na soketi zangu nyeusi. Nusu ya maneno tuliyosema siku ile ningelipa nisiwe nimeyasema, maana tulipokuwa tukiyasema hatukuwa tunasikia kitu kingine.

Mama mkwe aliichukua sigiri barazani, lile jiko la makaa tulilochemshia maharage, akaiingiza chumbani. Usimhukumu, Mama, nakuomba. Hakuifanya ovyo. Aliyaacha makaa yawake kwanza huko nje mpaka moshi ukaisha, yakawa mekundu matupu, akanyunyiza majivu juu ili yasirushe cheche. Aliiweka mbali na kitanda. Kwao nyumba ni ya nyasi, moto unakaa katikati, watoto wanalala kuuzunguka usiku mzima, na amelea watoto wake wote hivyo. Paa la nyasi linapumua lenyewe. Alifunga mlango ili joto lisitoke, akasukumia kanga chini. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mvua. Na matundu ya juu unajua habari zake.

Nilipoingia na uji, chumba kilikuwa na joto zuri. Nilifurahi. Hilo ndilo linalonirudia mpaka leo, kwamba nilisimama pale na kikombe na moyo wangu ukatulia, nikamwambia mama mkwe asante. Nilisukuma kanga ile chini ya mlango kwa mguu wangu mwenyewe ili joto lisipotee.

Atim akasema kichwa kinamwuma. Nikamwambia anywe uji. Akaunywa kidogo akautapika, akalegea. Mama, sisi wenye watoto wa sikoseli tumefundishwa kitu kimoja mpaka kimeingia kwenye damu. Mtoto akibadilika, mpe maji, mpe dawa, mpashe joto. Sifikirii, mikono inafanya. Nikamvuta blanketi mpaka kidevuni, nikaanza kumsugua miguu, nikamwambia mama mkwe asogeze sigiri karibu. Na kichwa changu mimi kilikuwa kimeanza kugonga, nikajiambia ni hofu.

Mama mkwe aliinuka ili asogeze sigiri, magoti yakamkataa. Akaketi sakafuni. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha mlevi. Huyu mwanamke ameokoka, hata pombe ya harusi haonji. Nilimtazama, nikamtazama Atim, na wazo likaja polepole sana, kama mtu anayepanda ngazi amechoka. Sikoseli haiambukizi. Mjukuu akishikwa, bibi yake haanguki. Ndipo nilipoiona sigiri.

Sijui nilisema nini. Baba Atim alikuja mbio, mkono mmoja bado umo ndani ya kiatu. Hakunusa kitu kwa sababu hakukuwa na cha kunusa. Alimwona mama yake chini, akaona makaa, akasema, "Mtoe mtoto nje." Nilikuwa nimeshambeba. Nilifika mlango wa barazani nikasimama. Mvua ilikuwa inapigwa na upepo mpaka ndani ya baraza, na baridi yake ikanipiga usoni. Nikamwambia, nje kuna baridi. Nilimwambia hivyo kabisa. Nimeshika mlango, mwanangu yuko begani hana nguvu za kushika shingo yangu, ndani kuna kitu kinachomuua, nje kuna kitu kinachomuua, na mimi ndiye mwenye miguu. Miguu ilikataa.

Alinisukuma, Mama. Miaka yote hii hajawahi kuniwekea mkono vibaya, unajua. Alinisukuma mgongoni kwa ule mkono wenye kiatu, nikajikuta kwenye mvua na mtoto wangu, naye akarudi kumbeba mama yake. Bado nina alama ya rangi nyeusi kwenye gauni langu la kanisani. Imekataa kutoka na sitaki itoke.

Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake. Waliwawekea wote wawili hewa ya mtungi, mtoto kitanda hiki na bibi kitanda kile. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya chini. Alieleza kwamba makaa yaliyofungiwa ndani yanatoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwamba ile hali ya kuona makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo inayowadanganya watu. Akauliza, "Chumba hakina matundu ya hewa?" Baba Atim akajibu, "Tuliyaziba. Kwa ajili ya AC." Daktari akasema kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinaizungusha ileile iliyomo, kinaipoza au kinaipasha. Anayepumua ndani anahitaji tundu hata mashine iwe nzuri vipi. Mimi muuza feni nilikuwa sijawahi kujiuliza hewa ya kitu kile inatoka wapi.

Sumu ilimtoka. Lakini mvua ile haikumsamehe. Usiku uleule maumivu yalianza miguuni, yakapanda mgongoni. Alilia mpaka sauti ikakatika, akaendelea kulia bila sauti, mdomo wazi tu. Hilo ndilo nililoliogopa mlangoni, na likaja kama nilivyolijua, na bado ilikuwa ni lazima nitoke. Sijui mtu anafanya nini na jambo la namna hiyo. Nilimshika miguu, nikawa naimba nyimbo zako za kwaya, hata zile nisizojua maneno.

Mama mkwe alilala ametazama ukuta. Hakula. Siku aliyoruhusiwa nilikwenda kumvalisha, akanishika kifundo cha mkono akasema, "Mimi nataka saidia ye. Mimi nafikiri moto ni muzuri. Mimi nataka enda Kitgum." Nikamwambia twende kwanza nyumbani. Tulipofika hakuingia chumba kile. Alilala sebuleni kwenye mkeka.

Tulimlaza Atim kitandani kwetu, katikati. Na sasa ilitubidi tuchague mashine kweli, bila kubishana, maana ubishi ulikuwa umetutoka wote wawili. Baba Atim alisema neno moja tu, "Chagua wewe, mimi nitabeba." Nikaona heri angeendelea kubishana. Kuchagua peke yangu kuliniogopesha kuliko chochote, kwa sababu nikikosea hakuna wa kumlaumu.

Nilikwenda kwa mafundi wa karakana yetu nyuma ya duka, nikaketi kwenye ndoo kama mteja, nikawauliza maswali ambayo wateja hawaulizi. Nikataka waniambie kila mashine inavyoharibika, si inavyofanya kazi. Walicheka kwanza, halafu wakaacha kucheka. Nimejifunza kwamba chumba kidogo kikiwekewa mashine kubwa, inatupa hewa kwa nguvu, inazimika, chumba kinarudi kilipokuwa, inatupa tena. Mtoto anakuwa kwenye baridi, joto, baridi, joto, na hiyo kwa Atim ni mbaya kuliko kukosa. Ile ya hoteli ingetuumiza kwa nguvu zake zenyewe. Nikachagua ndogo, mpya, ya aina ile isiyozimika, inayopunguza mwendo na kuongeza polepole, na ambayo umeme dhaifu wa jioni hauishindi. Nikasema ifungwe ukuta wa mlangoni, isimpulizie kitandani. Nikataka waya wake wenyewe kutoka kwenye mita, usipite kwenye soketi zangu nyeusi. Na nikasema mbao zitoke.

Wasswa ndiye aliyekuja. Wengi waliniambia nitafute fundi mwingine. Nilimtaka yeye, nilitaka atazame. Alikuwa ameshaelezwa na majirani. Alipanda ngazi akiwa na bisibisi. Akasema kutoka juu kule, bila kugeuka, "Nyabo, mimi niliziba kwa wema. Nyumba nyingi nimeziba hivi." Nikamwuliza, ngapi. Alibandua mbao moja moja, akafunga wavu wenye macho madogo ili vidudu visiingie, na alipoondoka hakwenda nyumbani kwake. Nilimwona anagonga mlango wa nyumba ya pili, na baadaye ya chini yake, na ngazi yake begani.

Atim amerudi kulala chumbani kwake, na mashine mpya haina kelele kabisa. Ungefikiri ni jambo zuri. Ile ya zamani ilikuwa inanguruma ukajua inafanya kazi. Hii inabidi nisimame chini yake nitege sikio. Upepo wa matundu unaingia kidogo, nausikia shingoni, na kila ukiingia mwili wangu unataka kwenda kuuziba. Najizuia. Nakaa juu ya mikono yangu, nakwambia kweli.

Mama mkwe alifunga begi lake. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha sebuleni na viatu vimevaliwa. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, badala yake nikamwambia tu kwamba umeme ukikatika huku tunabaki na baridi, na mimi niko Kansanga mchana kutwa, nani atachemsha maji ya kutia kwenye chupa za kumpashia mtoto? Akauliza, "Sigiri iko nje?" Nikasema iko nje, barazani, na haitaingia tena. Akavua viatu. Tangu siku hiyo umeme ukikatika anachemsha maji huko nje, anatia kwenye chupa, anazifunga kwenye kanga, anakuja mpaka mlangoni. Haingii. Anasimama hapo, Atim anashuka kitandani kwenda kuzichukua. Nimemwambia aingie. Anasema, "Bado." Simlazimishi, maana mimi mwenyewe naingia kwa sababu sina namna.

Basi nakujibu, Mama. Atim haji Voi. Usikasirike. Nimelifikiria ombi lako nikiwa nimepiga magoti na nikiwa nafua, na kila mara nimefika palepale. Joto la Voi la mchana unalijua, lingemkausha. Madaktari wanaomjua wako huku. Lakini hizo ni sababu za kumwambia Baba. Sababu yangu wewe utaielewa bila kuelezwa. Nikimleta kwako hofu haitashuka naye stendi, itabaki na mimi Luzira, haina mtu wa kumtazama. Hapa angalau nikishikwa nayo natembea hatua chache naingia chumbani. Kama kiuno kinakuruhusu, njoo wewe. Uje mvua zikipungua. Mama mkwe angekupenda, nyote wawili hampendi maneno mengi.

Msalimie Baba, umwambie aupumzishe mguu. Msalimie mke wa Mwakio, na mtoto wao mpya ambaye sijamshika. Shangazi yangu wa Wundanyi mwambie maombi yake yamefika, asiache. Mke wa mchungaji mwambie hivyohivyo. Na jirani wa mbele, mwenye kiti, msalimie pia, maana najua ataisikia barua hii kwa njia yake. Mkweo Okot anakusalimu kwa heshima zote, amekaa barazani anapiga viatu rangi. Mama mkwe wangu anasema apwoyo, yaani asante, ingawa hajui ni ya nini.

Nimeiacha kalamu kidogo nimekwenda kumtazama Atim. Ni mchana, amejilaza baada ya chakula. Ninafanya hivyo siku zote sasa, naingia kwa ncha za vidole, nainama, naweka kiganja mbele ya pua yake nisubiri pumzi. Leo niliinama nikadhani amelala. Akasema bila kufumbua macho, sauti ya mtu mzima aliyechoshwa, "Mama, napumua. Nenda."

Nimekuja kukuandikia hilo, na sasa narudi kumtazama.

Mwanao anayekupenda,
Wakesho